Bakoly Hajala

Harufu ndiyo iliyomwambia. Bakoly alikuwa ameinamia karai la vitumbua, akivigeuza kwa kijiti cha chuma kimoja baada ya kingine, mara pua yake ikanasa kitu ambacho si mchele wala mkaa. Akatazama chini. Kaa la moto lilikuwa limejikalia juu ya kidole gumba cha mguu wake wa kushoto, limetulia kama kuku kwenye mayai, na yeye hana habari.

Alilikung'uta upesi. Ngozi ilikuwa imegeuka nyeupe na imeanza kutoa maji. Wavutaji wawili wa riksho walikuwa wamechuchumaa hapo na vikombe vyao vya kahawa, wakiota moto wa jiko lake, maana baridi ya Juni huku Antsirabe milimani haina mchezo. Bakoly aliteremsha upindo wa shuka lake ukafunika mguu, akaendelea kuwahudumia kana kwamba hakuna kitu. Lakini alijiuliza. Mtu akiungua asisikie, huo mguu bado ni wake?

Na siku yenyewe ilikuwa ya zahanati. Tangu Machi, alipoambiwa ana kisukari, alikuwa amepimwa mara mbili tena, na mara zote namba imepanda. Njaka, yule muuguzi kijana, alimwambia bila kumzunguka kwamba safari hii ikipanda ataandikiwa barua ya kwenda hospitali kuu. Bakoly aliijua barua hiyo. Jirani yake, fundi viatu, aliondoka nayo akiwa na miguu miwili akarudi na mmoja. Fundi viatu mzima, siku hizi akijishonea anashona kimoja.

Kilichomkondesha zaidi ni kwamba masharti aliyashika yote. Njaka alimwambia apunguze wali. Yeye hakupunguza, aliacha. Tuelewane hapo. Huku kwetu wali ni asubuhi, mchana na jioni, na hata maji ya kushushia huchemshwa kwenye sufuria yenye ukoko. Asiyekula wali hajala, hata akimeza ng'ombe na pembe zake. Kwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa, kuacha wali si jambo la kusimuliana huku mnacheka. Bakoly aliugusa Jumapili tu, baada ya kanisa, na nusu ya sahani aliila kwa machozi.

Siku nyingine alijishikiza. Muhogo wa kuchemsha na sukari kidogo juu yake, viazi vitamu, ndizi mbili tatu. Na kila alfajiri kitumbua cha kwanza, kwa kuwa mpishi asiyeonja anauza asichokijua. Kisha cha pili, kwa kuwa cha kwanza huwa hakijapata moto sawasawa. Basi, hayo ndiyo yalikuwa maisha yake. Alikuwa amekonda mpaka pete inamzunguka kidoleni, na sukari inapanda, na yeye kila jioni anajiuliza inapanda kwa kula nini.

Alikwenda pia kwa Rasendra, anayeuza mizizi na magome sokoni. Rasendra alimpa unga wa kokwa za zambarau, akamwagiza anywe kabla ya kula. Bakoly, ambaye siku yake nzima ilikuwa kabla ya kula, aliunywa kutwa kucha mpaka ulimi ukawa mkavu kama gunia. Hakuna kilichobadilika. Rasendra mwenyewe alianza kumtazama kwa jicho la huruma na kumdokeza kwamba huenda kuna mkono wa mtu.

Kulipokucha vizuri alimwachia binti yake Fanja karai, akachukua kikapu chake akaenda. Njiani aliomba. Hakuomba apone, hakutaka kuonekana mlafi mbele ya Mungu. Aliomba mguu tu.

Njaka alimkalisha, akamsafisha kidole cha mkono, akauliza swali lake la kila mara.

"Mama, umekula chochote leo?"

Siku nyingine Bakoly hujibu neno moja. Leo hofu ilimlegeza ulimi.

"Sijala, mwanangu. Tangu Jumapili sijala."

Njaka alisimamisha sindano hewani. "Leo Alhamisi, Mama."

"Ndiyo hivyo. Nakaza roho."

Kijana alimtazama usoni, akamtazama kidevuni, akanyoosha mkono na kuokota kitu kwenye ukosi wa blauzi yake. Akakiweka kwenye kiganja. Kilikuwa chembe ya njano, bado laini.

"Na hiki?"

"Hicho nilionja tu."

"Hiki ni kitumbua."

"Kitumbua si chakula," Bakoly akasema, akiona ajabu kufundishwa hilo na mtoto wa juzi. "Kitumbua ni kazi."

Njaka akaiweka sindano mezani. Alianza kumuuliza polepole, na safari hii hakulitaja kabisa neno kula. Alfajiri kilipita nini kooni? Na saa nne? Na jana jioni? Bakoly akataja muhogo, akataja ndizi, akataja sukari ya juu ya muhogo, na kila alichotaja kilizidi kuinamisha shingo ya kijana yule. Mwisho akauliza habari ya vidonge.

Hapo Bakoly alipata ahueni, maana vidonge hakuvichezea. Alitoa kikapuni kopo la maziwa, akalifungua. Vilikuwa humo karibu vyote, vimelala kwenye karatasi zao kama vilivyotoka dirisha la dawa.

"Uliniambia nisimeze kabla sijala, nitaanguka," alisema. "Nami nameza Jumapili. Hizo siku nyingine ningemezaje?"

Njaka alijifunika uso kwa mikono. Bakoly alidhani anacheka, na pengine alicheka. Lakini alipoiondoa mikono macho yalikuwa mekundu. Alisema kosa ni lake, kwamba mama yake mzazi husema hivyo hivyo, hajala, huku sufuria ya viazi iko tupu mbele yake, na yeye miezi yote hii anauliza wagonjwa kwa neno hilo na kuandika majibu.

Kisha akamweleza. Kinachopita kooni ni kula. Muhogo ni kula, ndizi ni kula, na kitumbua ni kula mara mbili. Wali asiukimbie, apakue kikombe kidogo, nusu ya sahani ijae mboga za majani. Muhogo usizidi ngumi, na sukari isiuone. Kidonge ni kila asubuhi baada ya kifungua kinywa, kiwe cha wali kisiwe cha wali. Unga wa zambarau aliushika akaunusa, akasema hana ugomvi nao, bibi yake aliunywa, ila auweke kando kwanza, maana ukishikana na kidonge unaweza kumwangusha. Sindano hakuirudia; alisema namba ya leo isingemwambia kitu asichokijua.

Bakoly aliona aibu, na chini ya aibu furaha, karibu apige kigelegele. Hakuna aliyemroga. Aliinua shuka amwonyeshe kidole chake kwa haraka, kama kitu kidogo cha kumalizia.

Uso wa Njaka ukabadilika. Alichomoa unyasi kwenye ufagio wa pembeni, akamwambia afumbe macho na aseme anapoguswa. Kisigino alikisikia. Vidole vitatu vya kwanza hakuvisikia. Njaka alikifunga kidonda, akaandika barua, akaikunja, na badala ya kumpa akaitia kwenye droo. Alhamisi ijayo, alisema. Kidonda kikiwa chekundu itabaki humo. Kikiwa cheusi itatoka. Na kila asubuhi binti ajaribu kwa unyasi.

Zikapita siku sita. Asubuhi ya Jumatano Bakoly aliketi mezani, na sahani ya wali mbele yake, na kijiko, na juu ya sahani kipande cha muhogo bila sukari na majani ya maboga.

Fanja aliuliza kutoka mlangoni, "Mama, unakula?"

"Nakula," alijibu kwa sauti ya mtu anayekiri jambo polisi. Akamaliza, akameza kidonge, akatoka kwenye jiko lake. Kitumbua cha kwanza alimpa mvutaji wa riksho aonje. Yule bwana akatafuna kwa makini kama hakimu, akasema sukari bado. Bakoly alikitazama kile kipande kilichobaki mkononi mwa mtu, akameza mate, akaongeza kijiko kimoja kwenye rojo.

Kisha akakaa kwenye kigoda, Fanja akamfungua kitambaa. Binti alikitazama kidonda kwa muda mrefu kuliko jana. Bakoly hakuuliza rangi; kesho Njaka ataisema. Alinyoosha mguu, akafumba macho.

Aliusikiliza mkaa ukipasuka. Alisikia kahawa ikimiminwa. Akangoja.

"Anza basi," akasema, "vitumbua vitaungua."

Fanja, ambaye unyasi wake ulikuwa umeshavuka kidole cha tatu, akaurudisha kwenye gumba.

"Naanza, Mama."