Kadi Mbili za Dismas

Asikudanganye mtu, kungoja mwanao aseme kunachosha kuliko kibarua. Mourine wa kule Mugutha alikuwa amengoja hadi Dismas akafika miaka mitano. Mtoto alikuwa na mashine za kusikia masikioni, lakini bila picha maneno hayakumkaa. Mwalimu Rachael akamfunza mama kazi yenyewe: mwonyeshe kadi, tamka neno akikutazama midomo, akilisema mpe biskuti, kisha arudie. Siku atakayounganisha kadi mbili mwenyewe, mwalimu akasema, hapo lugha imezaliwa. Mama mkwe naye alishatangaza kwamba mjukuu wake ni bubu, apelekwe bweni la mbali. Mourine aliapa huyo mama atayameza maneno yake.

Jumamosi hiyo alikuwa akifua nyuma ya nyumba. Akasikia harufu ya maharagwe yakishika sufuria, akakimbia ndani. Nje akawaacha Dismas na dadake mdogo Ajwang, aliyekuwa ndio anaanza kusimama kwa kushikilia vitu, na karai la kusuuzia likiwa limejaa.

Punde Dismas akaingia mbio, akabandua kadi mbili ukutani, akamwinulia mamake.

"Toto," akasema. "Maji."

Wee! Lugha ilikuwa imezaliwa. Mourine akachomoa simu amrekodi. Leo mama mkwe angeona kwa macho yake.

"Rudia, baba. Polepole."

Akarudia. Picha ikatikisika, akamrudisha tena mwanzo. Kadi zilikuwa zimelowa, na hilo lilimuudhi kidogo, maana ni mumewe Owino aliyezichapisha kule Thika. Akampa biskuti. Dismas akaitupa.

Dismas kukataa biskuti! Hapo ndipo kitu kilipomgusa Mourine moyoni, kibaya, bila jina. Akaitazama mikono ya shati la mtoto. Ilikuwa ikichuruzika maji hadi sakafuni. Na kule nje, Ajwang wa kelele, hakusikika hata kidogo.

Alitoka mbio akiwa bado na simu mkononi. Karai lilikuwa pale pale, na miguu midogo ukingoni haikuchezacheza. Akamtoa, akampulizia pumzi, akamwita, akapiga nduru hadi majirani wakavunja ua. Ajwang hakujibu.

Dismas alisimama kando akimtazama mamake midomo. Akadhani mama bado hajaelewa. Akaziinua kadi zake tena, akasema polepole, wazi kuliko siku zote, kama alivyofunzwa.

"Mtoto. Maji."