Taka za Chumba 1207

Saa tano asubuhi Tomie Kuwabara alikuwa ameketi ndani ya beseni kavu la kuogea la chumba 1207, na sare zake zote mwilini, akitazama kile ambacho mgeni atakitazama: dari, bomba, ukingo wa kioo. Akaona alama moja ya maji. Akainuka, akaifuta. Ndivyo walivyofunzwa katika hoteli ya Mizukagami, na mwenyewe alikuwa amefanya kazi humo miaka arobaini na sita.

"Dada, kitendawili!" Sugako, msafishaji mwenzake, aliita kutoka chumbani, akikaza shuka.

"Tega."

"Nina mgeni analala hotelini bure, na asubuhi hakuna wa kumwamkia."

"Takataka! Hicho umekitega tangu mwaka juzi. Huna kipya wewe?"

"Basi leo kimekufa. Tangazo umelisoma?"

Alikuwa amelisoma. Kuanzia leo, taka za vyumba zitapakiwa kwenye lori siku ileile, saa sita, zikachomwe. Ile stoo ya chini, ambamo zilikuwa zikilazwa usiku mmoja, kila mfuko na namba ya chumba chake, mgeni aliyesahau kitu asije akakikosa, inageuzwa ukumbi wa maonyesho ya miaka mia ya hoteli. Asiyefuata, mkataba wake utakoma Machi. Na Tomie, mjane, kwa jinsi bei ya mchele ilivyopanda Tokyo, nyumbani sasa alikuwa akipika nusu mchele, nusu shayiri.

Akafunga mfuko wa 1207: maganda ya chenza, gazeti, karatasi laini zilizofinyangwa. Mgeni, mzee wa Niigata, alikuwa ameondoka saa nne. Bi Otsuki, aliyemfunza kazi Tomie, alikuwa na neno lake: kitu cha mgeni si taka mpaka kilale. Tomie akauficha mfuko chini ya mataulo kwenye toroli, pamoja na mitano mingine ya ghorofa yake.

"Utafukuzwa, dada."

"Nifukuzwe nimemaliza kazi yangu."

Saa saba msimamizi wao, Bwana Hirose, kijana mwenye umri wa mwanawe, alifika mbio, tai imepanda begani.

"Bi Kuwabara! Lori limekwenda?"

"Limekwenda saa sita, kama ulivyobandika."

"Tumekwisha! Mzee wa 1207 katupa meno."

"Meno gani tena?"

"Ya bandia! Aliyafunga kwenye karatasi. Saa kumi anatoa hotuba kwenye harusi ya mjukuu wake!"

Sugako akaficha uso kwenye mto, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Tomie akafukua mataulo, akafungua mfuko, akachambua karatasi moja moja. Meno yakatoka, yametulia, kama yanamcheka Hirose. Kijana akainama mpaka kiunoni, akayapokea kwa mikono miwili, akatimua mbio.

Saa tisa akarudi na karatasi.

"Mkurugenzi mwenyewe kayapeleka kwa teksi, yamefungwa kwa kitambaa cha hariri. Kafurahi! Anataka kisa hiki kiwekwe kwenye maonyesho, watu waone desturi ya hoteli yetu." Akakohoa. "Ila kanuni ni kanuni. Andika barua ya kuomba radhi, ugonge muhuri wako wa jina hapa. Ukiandika vizuri, Machi nitakutetea."

"Kumbe huko juu ni desturi, huku chini ni kosa?"

"Bi Kuwabara, usiniweke pabaya."

Tomie akaketi juu ya furushi la shuka chafu, akaandika polepole, kwa mwandiko wake wa shule ya msingi:

*Leo nimelaza mifuko sita kinyume cha tangazo. Mmoja, mwenye nao ameuhitaji. Mitano italala mpaka kesho. Nawaomba radhi wageni wa ghorofa nyingine, ambao mifuko yao imeshachomwa.*

Hirose alisoma, akasoma tena. "Hii siwezi kuipeleka juu kwa Mkurugenzi."

"Basi nipe. Nitapanda nayo mwenyewe."

Akaichukua barua, akaigonga muhuri wa jina lake, akaukandamiza mpaka wino mwekundu ukatokea upande wa pili. Akavua aproni, akampa Sugako. Kisha, barua mkononi, akapita mlango wa ngazi za wafanyakazi bila kuusukuma, akaenda kusimama kwenye zulia la wageni, akabonyeza kitufe cha lifti ya wageni, ile ambayo wafanyakazi hawapandi.