Dau la Tatu

Kila neno hapa ni kweli tupu. Anayebisha na abishe, ila aketi kwanza, maana kuna mahali atacheka na mahali atatamani ardhi impasukie kwa niaba ya mwenzake.

Fundi wa lifti mstaafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Ghorofa, alikuwa na chumba cha mbele, na ndani ya chumba hicho aliweka mota ya lifti. Haikuwa imempandisha wala kumshusha mtu tangu astaafu. Ilikaa katikati ya sakafu kama mgeni asiyejua kuaga, na ukutani uliegemea mlango mzima wa lifti ambao alidai alizawadiwa na waziri mmoja aliyekwama, yeye akamtoa kwa uma wa kulia chakula.

Mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, alikuwa mshonaji, na chumba hicho alikitaka sana. Cherehani yake ilikaa jikoni. Nguo za wateja zilitoka zikinuka vitunguu, na wateja walianza kumkimbia.

"Baba, mota ikikaa uani, si itapata hata upepo?"

"Mota hiyo ina hisia, mwanangu."

Alipochoka kuulizwa, mzee akajifanya muungwana. Wacheze karata, mchezo wa poka, kwa shemeji yake dobi, kaka wa marehemu mkewe. Dobi alikuwa na kopo la vifungo vilivyodondoka kwenye nguo za watu; hivyo ndivyo vingekuwa dau. Kinyozi wa duka la jirani angekamilisha meza. Mkwe akimmaliza mzee vifungo, chumba chake. Mzee akimmaliza yeye, neno "chumba" lisisikike tena nyumbani.

"Mimi nimecheza na mabaharia," mzee alisema wakiketi. "Mmoja aliniachia meli. Nikamrudishia, ningeiegesha wapi?"

Mkwe alitabasamu, akapanga vifungo vyake.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: kila mkono, yaani kila karata zikigawiwa upya, wawili hulazimika kuweka dau kabla ya kuona karata, wa kwanza kifungo kimoja, wa pili viwili. Anayetaka kuingia alipe angalau viwili. Mkwe alicheza kwa subira. Karata mbovu alitupa, nzuri alishika. Saa nzima mzee hakupata pa kumshika.

Ndipo akaleta dau la tatu.

"Sisi wazoefu tuna hili: wa tatu akipenda anaweka vinne, gizani, kabla hajagusa karata zake."

"Faida yake?" aliuliza kinyozi.

"Unasema mwisho katika raundi ya kwanza, ukishaona wenzako wamefanya nini. Na moyo unachangamka."

Hakusema mengine. Hakusema kwamba sasa kila aingiaye analipa vinne badala ya viwili, kwa hiyo vifungo vya mtu vinakuwa nusu ya thamani yake bila kuguswa. Mwenye subira hawezi tena kusubiri, atayeyuka akisubiri. Wala hakusema kwamba anayeweka gizani kwa kawaida huumia yeye, kwa kuwa ametia vifungo kwenye karata asizozijua, na wenzake wanajua hivyo, wanampandishia dau bila huruma.

Yeye hakuumia. Zamu zake kadhaa za kuwa wa tatu aliweka vinne akipiga kifua, kinyozi akampandishia, naye mzee akafunua karata nono. Zamu nyingine alipiga miayo: "Hii naiacha, nimechoka." Na zamu hizo alizochoka, karata zake zilikuwa takataka.

"Mzee wangu, una jini?" kinyozi alilalamika.

"Moyo tu, kijana."

Ilikuwa pasi. Tangu dau la tatu lianze, aliomba pasi ya dobi ikiwa vuguvugu, akailaza chali mbele yake, eti daktari ameagiza kiwiko chake kipate joto. Dobi ndiye aliyegawa, na mkono wake wa kukung'uta mashuka ulizirusha karata zikapita juu ya tumbo la pasi lililong'aa kama kioo. Mzee aliinamisha macho tu, akazisoma zake kabla hajazigusa.

Mkwe alibaki na vifungo vichache. Dobi alipokusanya karata agawe tena, binti huyo aliinuka, akatwaa kitambaa kilichokunjwa, akaifunika pasi taratibu.

"Isije ikakuunguza, Baba."

Hakumtazama usoni. Alirudi kuketi, akatazama meza, masikio yamemwiva, kana kwamba aliyeiba ni yeye.

"Zamu yako, shemeji," alisema dobi alipomaliza kugawa. "Unaweka gizani au umechoka?"

Mzee aliweka vinne. Safari hii giza lilikuwa giza kweli. Kinyozi akatupa. Mkwe akasukuma vyote alivyobakiwa navyo. Dobi naye akatupa.

Mzee akainua karata zake. Malkia wawili.

Lifti yake mwenyewe ingekuwa hapo angeshuka nayo mpaka chini ya msingi. Alikuwa na karata nzuri kwa haki, na kilima kizima cha vifungo vya wizi cha kuzilipia. Kulipa tu, na chumba kingebaki chake. Alimwona mkwe amekaza macho mezani, anangoja, hajasema neno la kumwaibisha mbele ya watu. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

Akazitupa karata kifudifudi. "Nimeshindwa. Chumba ni chake."

"Kwa mkono mmoja?" Dobi akazifunua. "Shemeji! Malkia wawili unawatupa? Una akili?"

"Unajua, kule kwa mabaharia, malkia wakitoka siku ya..." Alianza vizuri. Kisha akaona mkwe ameinama zaidi, anamwonea aibu yeye, akauachia uongo hapo.

"Pasi," alisema.

Dobi akakivuta kitambaa. Akainamia pasi, akaiona pua yake mwenyewe. Akarusha karata moja, akatazama tena.

"Mkweo, shemeji?" alisema polepole. "Mkweo?"

Kinyozi alitafuta kofia yake, akakumbuka hakuja na kofia, akatoka hivyohivyo.

Alasiri hiyohiyo mota ilitoka chumba cha mbele juu ya toroli la dobi, mzee akivuta, mkwe akisukuma. Wakauzunguka ukuta kuelekea uani. Jirani alisimama mlangoni.

"Mzee Ghorofa! Mota inakwenda wapi?"

Alikuwa na majibu matatu tayari, na mawili yalikuwa na mawaziri ndani yake.

"Uani. Nilimwibia mkwe kwenye karata, nikakamatwa."

Jirani alicheka hadi akashika fremu ya mlango. "Wewe mzee kwa uongo! Umwibie binti wa watu? Ongeza na baharia!"

Nyuma ya toroli mkwe hakucheka. Mzee akaweka kabari chini ya gurudumu, akanyooka, akamweleza jirani tena neno kwa neno, na pasi, na kiwiko, na daktari asiyekuwepo, mpaka jirani alipoacha kucheka.