Kidhibiti Mwendo cha Bi Gia

Bi Gia aliendesha malori miaka thelathini na moja. Alipostaafu alijinunulia kompyuta ya michezo iliyoundwa tayari dukani, yenye taa za kijani ubavuni, ili aendelee kushindana na magari, sasa kwenye skrini. Aliiweka karibu na cherehani ya binti yake, kwa sababu chumba chenye dirisha kilikuwa hicho kimoja. Binti alikuwa akikishonea kiwanda cha mashati, kola arobaini kwa siku, na msimamizi alizifuata mwenyewe kila jioni.

Wiki ya pili Bi Gia alishindwa kumpita mtu kwenye kona.

"Hii wameitia kidhibiti mwendo," alisema. "Lori lililobanwa nalijua kwa mlio."

Akaizima, akaiwasha huku akibonyeza Delete, akaingia kwenye BIOS, ule ukurasa wa mipangilio unaotangulia kabla mashine haijaamka. Prosesa, injini ya kompyuta, ilikuwa na mwendo wa gigahazi 3.6. Akaipandisha hadi 4.2, akaongeza umeme kidogo, akahifadhi. Gari lake likapita kona. Binti naye alimaliza kola arobaini, akanyoosha mgongo, akachungulia nje na kukuta ni saa sita mchana. Chumba kilikuwa kimekwenda kasi kuliko barabara.

"Haraka haraka haina baraka," binti alisema.

"Ya leo inayo. Nenda kalale."

Kosa alilifanya binti: alimpelekea msimamizi mzigo saa ile ile ya mchana. Jamani, mtu mzima hajui kuficha kazi iliyokwisha! Kesho yake ubao wa kiwango cha siku kiwandani ulisomeka kola hamsini na tano, kwa washonaji wote wa mtaa, wenye kompyuta na wasio nayo. Kosa la pili lilikuwa la Bi Gia. Dereva akiona mlima hukanyaga mafuta, naye akapandisha hadi 4.8. Feni ikalia kutwa. Ubao ukasomeka sabini.

Binti akawa anakata kucha kila baada ya siku tatu. Alitimiza miaka arobaini mwezi wa nne, akatimiza arobaini na mmoja mwezi wa tisa. Jirani alimletea keki mara zote mbili. Bi Gia miaka yake alishaacha kuihesabu.

Siku alipoona mvi za binti yake zimezidi zake, alisimamisha gari katikati ya mbio. Ilimuuma hasa.

"Nimekumaliza kwa mkono wangu, mwanangu."

"Wewe ulinipa mwendo tu, mama. Anayenimaliza anakuja jioni."

Bi Gia akarudi kwenye BIOS, akachagua mipangilio ya kiwandani, akahifadhi. Jioni ile ya Jumatatu msimamizi alikuta kola arobaini. Akazihesabu mara mbili.

"Zimepungua thelathini."

"Hazijapungua," Bi Gia alisema. "Ni zile zile za mwanzo. Rudisha ubao."

"Kiwango kikipanda hakishuki, mama. Ndio utaratibu."

"Hata kompyuta ina kitufe cha kuirudisha ilivyotoka kiwandani."

"Ubao hauna."

"Haya. Basi keti unywe chai."

Msimamizi alikuwa na adabu zake, akaketi. Bi Gia akaizima kompyuta, akaiwasha, akabonyeza Delete, akashusha namba hadi 0.8, chini kabisa. Msimamizi akainua kikombe. Nje jua lilizama, likachomoza, likazama tena na tena. Alipokitua kikombe ilikuwa Alhamisi, na chai bado ya moto. Kiwandani aliulizwa alikokuwa. Alisema alikuwa anakunywa chai, na akakatwa siku tatu za likizo.

Washonaji wa mtaa mzima waliposikia, nao wakarudi kwenye arobaini. Ubao bado unasomeka sabini, na kila jioni mbele ya kila mmoja wao huandikwa kwa wino mwekundu: upungufu, thelathini. Mvi za binti hazikurudi kuwa nyeusi.

Kiwanda hakijachoka kutuma watu wa kuuliza. Mlango wowote wanaoubisha huelekezwa kwa Bi Gia. Wiki hii amekuja meneja mwenyewe, ana haraka, gari lake linanguruma nje. Bi Gia amemvutia kiti, amemmiminia chai, amemuuliza sukari vijiko vingapi; kompyuta ndiyo kwanza inawaka, na kidole chake kiko juu ya Delete.