Shomoro wa Bi Itto

Addi alikuwa na hotuba moja tu, na kwa miaka kumi na miwili ilikuwa imemtosha. Aliitoa kwa kunong'ona, kwa Kifaransa kizuri na Kiingereza cha kuungaunga, akiwa amechutama nyuma ya tuta la mchanga na wageni wamejipanga nyuma yake kama wezi wa kuku. Ndege huyu ni adimu, aliwaambia. Huwakimbia watu. Hukaa pale tu ambapo mtu hakai. Kisha wote walitambaa kwa magoti mpaka juu ya tuta, na pale chini, sawasawa na alivyoahidi, shomoro wa jangwani walikuwa wakirukaruka: madume meupe meupe yenye kidevu cheusi, majike ya rangi ya mchanga wenyewe. Wageni walishusha pumzi. Wengine walilia. Watu wazima na akili zao, wamevuka bahari, wanamlilia shomoro. Haya, kila mtu na lake.

Kulikuwa na hema pia, hatua ishirini kutoka pale ndege walipokuwa, na mgeni akiuliza, Addi alimwambia ni hema la wachungaji waliohama. Wachungaji hawakuwa wamehama. Mama yake, Itto, alikuwa ndani, ameshusha pazia la mlango, anakunywa chai gizani. Wageni walitaka jangwa tupu, na mwanamke mwenye ushungi mwekundu na chekecheo mkononi si jangwa tupu. Kwa hiyo kila majira ya kuchipua Addi alimpigia simu saa moja kabla, akamwambia, "Mama, tunakuja," naye Itto akaingia ndani. Gari aliliacha mbali akawatembeza wageni mwendo wa saa nzima, ingawa njia ya gari ilikuwepo, tena ilifika mpaka mlangoni pa hema. Itto alipoulizwa na jamaa zake kwa nini anakubali kufichwa, alijibu kwamba mtoto ana mchezo wake na haumuumizi mtu.

Mchezo ukaharibiwa na maneno ya kijiweni. Vuli ile, penye chai, mwongoza watalii mwenzake aitwaye Zaid alisema mbele za watu kwamba Addi ana gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne na viatu vya kutoka Uswisi, lakini mama yake analala na mbuzi. Watu wakacheka. Addi hakulala siku tatu. Kijijini alikuwa na nyumba ya vyumba viwili, akaitia vigae na bomba la maji, akaenda kumchukua mama. Itto alikataa miezi miwili. Alisema kuta zinampigia kelele masikioni. Addi akaleta wajomba, akaleta imamu, na mwisho akaleta gari la binamu yake Moha na kupakia mbuzi kwanza. Mbuzi wakiondoka, mchungaji atabaki kufanya nini? Ngamia wawili walikwenda kwa Moha, hema likakunjwa, na Zaid akakosa la kusema.

Mwezi Januari ikaja barua. Bwana Aarne Koskela, Mfini wa miaka sabini na tisa, ndiye aliyeandika kile kitabu ambacho watu wa ndege wote hukibeba mfukoni, kinachosema ndege gani yuko wapi na umuulize nani. Alikuwa amewahi kuja mara moja, miaka tisa nyuma, dhoruba ya mchanga ikavuma siku zote tatu, akarudi kwao akiwa hajaona kitu zaidi ya kitambaa alichojifunika usoni. Sasa alikuwa anakitoa kitabu upya. Nionyeshe shomoro, aliandika, na jina lako litaingia.

Addi alijibu siku ileile: njoo tarehe kumi na mbili Machi, nitakuonyesha asubuhi ya kwanza. Alikwisha kuiona picha nzima kichwani, Zaid amesimama mbele ya wageni wake mwenyewe, kitabu mkononi, analazimika kusoma "Addi" kwa sauti. Hakuwa ametaka kitu chochote maishani kama alivyolitaka lile neno moja kwenye ule ukurasa.

Tarehe ishirini Februari akaenda kuwakagua ndege wake. Hakukuta hata mmoja. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa, na siku ya nne. Akawalaumu kunguru, akalaumu paka, akazilaumu pikipiki za Wahispania, kisha akamlaumu Zaid, ambaye safari hii hakuwa na kosa. Alizunguka visima vyote vya upande ule mpaka mafuta yakaisha. Siku ya tano alikwenda kula chakula cha mchana kwa mama yake, akakaa mbele ya mkate bila kuugusa.

Itto akamuuliza ana nini. Addi akamweleza.

"Ndege gani hao?"

"Shomoro, mama. Wale wageni wanaokuja kuwaangalia."

"Ala, wale wezi wangu wa shayiri?" Itto akamega mkate. "Wameenda kumtafuta mwingine wa kumwibia. Ulitaka wale mchanga?"

Akamweleza huku anakula, kama mtu anayemweleza mwenzake njia ya kwenda sokoni. Kila asubuhi alikuwa akichekecha shayiri, na pumba anaitupa mlangoni. Ngamia wanakula shayiri, lakini nyingine inatoka nzima upande wa pili, na shomoro hana aibu, anaichambua. Wanakunywa maji yanayodondoka kwenye ndoo ya kisimani. Wanajenga viota kwenye ua wa makuti ya mtende alimofungia mbuzi. Hata bibi yake Addi, enzi zake, alihama kisima kwa kisima na shomoro wakamfuata nyuma.

Addi akausogeza mkate wake kando.

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Nilikuwa nakusikia, si unawaambia wageni wanakimbia watu. Nikasema, mwanangu kasoma, huenda ana habari nisizonazo."

Ikabidi aombe. Alimwomba arudi hemani wiki tatu tu, mpaka Mfini aje na kuondoka. Itto akaligeukia bomba lake. Yeye aliyekokotwa na imamu alikuwa sasa ana siku yake ya hamamu, bafu la mvuke la kijiji, Alhamisi, na wanawake wa kwenda nao. Alikuwa na runinga pia, na mchezo wa Kituruki ambamo mke alikuwa karibu kabisa kugundua mambo ya mumewe. "Ulinipigia kelele miezi miwili nitoke, nikatoka," akasema. "Sasa zamu yako. Nenda wewe."

Na kweli akaenda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliwaazima wale ngamia wawili kwa Moha, akasimamisha hema peke yake, likasimama limeegemea upande kwa saa tatu kisha likalala. Akalisimamisha tena. Alimwaga shayiri gunia zima mbele ya mlango, akajificha. Wakaja njiwa, wakala. Wakaja kunguru, wakawafukuza njiwa, wakala na wao. Mkate aliouoka majivuni uliungua nje na kubaki mbichi ndani, na ngamia mmoja akamwonjea viatu vya Uswisi. Siku ya nane walitokea shomoro majike wawili, wakatua juu ya kamba ya hema, wakaangalia huku na huku kama wapangaji wanaokagua chumba, wakaenda zao.

Aliyemwokoa ni Moha, bila kukusudia. Alipita kuwatazama ngamia wake, akarudi kijijini na kusimulia hamamuni, upande wa wanaume, jinsi hema la Itto lilivyopinda na sufuria zake zilivyokaa mlangoni na masizi ya wiki nzima. Jioni habari ilikuwa upande wa wanawake. Itto angevumilia mengi, lakini si watu kucheka hema lake. Asubuhi alifika na gari la Moha, mbuzi nyuma, fagio mapajani. Habari ya ndege hakuigusa. Alilifumua hema lote na kulifunga upya, akasugua sufuria kwa mchanga mpaka zikang'aa, akakaa mlangoni na kuanza kuchekecha.

Alasiri walikuwa shomoro saba. Kesho yake Addi aliacha kuhesabu.

Zilibaki siku mbili. Addi alimshukuru mama yake, akambusu mkono na kichwa, na machozi yalimlengalenga, sikatai. Halafu, na hapa ndipo ungetamani kumzaba kibao, akamkumbusha habari ya pazia.

Tarehe kumi na mbili upepo wa kaskazini uliamka kabla ya jua. Addi na Bwana Koskela walitembea ile saa nzima, wakatambaa mpaka juu ya tuta, wakalala kifudifudi. Chini palikuwa na mchanga, ngamia wawili na hema limefungwa. Shomoro hakuna. Addi akatoa hotuba yake, pamoja na ile habari ya wachungaji waliohama. Baada ya nusu saa akairudia. Baada ya saa moja midomo ya mzee ilikuwa ya bluu na Addi alikuwa anaomba kwa lugha zote anazozijua.

Mwishowe Bwana Koskela akainuka, akajikung'uta. Akasema ameona moshi ukitoka kwenye hema la watu waliohama, na kwa kuwa wamehama na moto unawaka, labda wana chai. Akashuka tuta. Addi alijaribu kumpita, lakini mchangani kijana na mzee hawaachani sana. Mfini akafika mlangoni, akatoa salamu kwa maneno mawili aliyoyajua ya Kiamazighi, lugha ya kina Itto, akaitikiwa, akafunua pazia.

Itto alikuwa ameketi mkekani, chekecheo mapajani. Amekatazwa kuonekana nje, na upepo ungempeperushia shayiri, basi safari hii kazi yake ameifanyia ndani, na shomoro wamepenya chini ya upindo wa nyuma wa hema wakamfuata. Walikuwa tisa. Dume moja limetua kwenye ukingo wa chekecheo lenyewe, linachagua, naye Itto analigombeza kwa sauti ya chini.

Darubini ya Bwana Koskela ilibaki kifuani, maana ndege walikuwa karibu mno kwa darubini. Alivua kofia. Alisimama vile ameinama, kisha akamwambia Addi kwa Kifaransa, bila kugeuka.

"Ulisema wanakimbia watu."

Kwa kofia akamwonyesha Itto.

"Na huyu ni nani?"

Jibu lilikuwepo, jepesi: mchungaji tu, mpita njia. Lilikwisha kupanda mpaka kooni, na nyuma yake kitabu na jina ndani yake. Itto aliinua macho. Kifaransa hakijui, lakini mama anajua mtoto wake anapoulizwa mama huyu ni nani. Addi akaona aibu, aibu ya kweli, si ile ya kijiweni.

"Ni mama yangu," akasema. Na kwa kuwa alikwisha kuanza, akamalizia: "Amekuwa humu ndani miaka yote. Mimi ndiye niliyekuwa namficha, na ndege ni wa kwake."

Mzee akaandika kitu kwenye kijitabu chake. Itto akauliza kwa nini mgeni anasimama mlangoni kama mposaji, akamwamuru Addi alete glasi.

Kitabu kilifika Februari iliyofuata. Wakati huo Itto alikuwa na masharti yake: majira ya kuchipua hemani, mwaka uliobaki kwenye bomba, na pazia lisishushwe tena labda kwa vumbi. Addi alikifungulia palepale mlangoni pa hema. Ukurasa wa shomoro wa jangwani ulisema: Nenda kwa Bi Itto, kwenye kisima. Toa salamu, peleka sukari, kunywa chai. Mwanawe ana gari, atakufikisha.

Alisoma ukurasa uliofuata. Akatazama orodha ya majina mwishoni mwa kitabu, herufi ya kwanza, kisha nyingine zote.

"Wamekuandika?" Itto akauliza, chekecheo likienda.

Itto hakujua kusoma. Addi angeweza kumsomea lolote alitakalo.

"Wamekuandika wewe."

"Sijiulizii mimi. Jina lako ulilokuwa unalitaka, lipo?"

"Wameandika mwana wa Itto."

"Si ndilo hilo," akasema mama yake, na akamwambia asogee, amesimama juu ya shayiri.