Paka wa Fundi Makochi

Siku ile fundi makochi hakutulia. Tangu asubuhi alikuwa kiguu na njia: karakana hadi jikoni, jikoni hadi mlangoni, mlangoni hadi karakana tena, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, kwa hiyo safari zote hizo hazikuzidi hatua ishirini, lakini mkewe, aliyekuwa akichambua mchele, alishachoka kumfuata kwa macho.

“Keti basi, baba watoto. Unanipa kizunguzungu.”

“Nitaketije? Njoo uone wenzako walichofanya.”

Wenzake hao ni paka. Nyumba ilikuwa na watatu. Wa kwanza Bi Mkubwa, kikongwe, kazi yake kulala na kuhama pa kulala. Wa pili Mkaguzi, ambaye hakuna kochi lililotoka mle ndani kabla hajalinusa miguu yote minne. Wa tatu Kipande, kwa kuwa mkia wake ulikuwa nusu. Watoto wa fundi walishaoa na kuolewa, wote wamehama, na hawa ndio waliobaki kuitia nyumba kelele.

Mke akafuta mikono, akaja. Kwenye kochi la mahameli nyekundu, pale mkono wa kochi unapokutana na kiti, nyuzi tano sita zilikuwa zimevutika nje. Ukipapasa unazisikia kidoleni. Hilo lilikuwa kochi la tatu mwezi ule. Mteja wa kwanza alinung'unika tu. Wa pili alisema wazi: “Fundi, siku hizi vipi?” Miaka thelathini ya kazi hakuwahi kuambiwa neno lile, na tangu aambiwe halikumtoka moyoni, hata chakula hakikuwa na ladha.

“Paka mmoja anatosha nyumba moja,” alisema. “Wawili wanaondoka leo.”

“Watatu. Panya wa mtaa huu huwajui wewe.”

“Mmoja.”

“Haya, wawili. Panda na wewe kidogo.”

“Hatuko sokoni, mama watoto! Jina langu linaharibika. Mmoja!”

Kusikia jina, mke akakubali. Alijua mumewe hana shamba wala duka. Ana jina tu. Wakamwacha Bi Mkubwa, maana hata kucha zilikuwa zimemchoka. Mkaguzi na Kipande wakatiwa kwenye boksi, fundi akalibeba mwenyewe hadi kwa shemeji yake, dada wa mkewe, mtaa wa nne kutoka pale.

“Shemeji, leo umeniletea zawadi inayolia?” dada mtu akauliza.

“Lea tu, shemeji. Usiulize.”

Aliporudi akabandua kitambaa kilichoharibika, akakata kingine, akafunga mlango na kushona kwa mkono, kwa ile sindano iliyopinda ambayo mafundi huitumia mahali ambapo cherehani haifiki. Kochi lilikuwa la mwalimu mstaafu, na mwalimu angekuja kesho. Alipomaliza akarudi nyuma hatua mbili atazame kazi yake. Nyuzi nne zilikuwa nje.

Akachungulia chini ya meza. Akachungulia nyuma ya mlango. Akaenda jikoni mbio.

“Umemwachia aingie!”

Mkewe akamwonyesha Bi Mkubwa aliyelala mapajani pake. “Huyu? Tangu mchana hajainuka hapa. Mguu umekufa ganzi kwa ajili yake.”

Fundi akachukua nyundo. Akaenda kupigilia ubao kwenye tundu la dirisha, tundu ambalo hata kidole gumba kisingepenya, seuze paka. Alipigilia kwa hasira na msumari ukapinda. Kulikuwa na jambo alilolijua na hakutaka kulijua. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza tabia mpya: ukishika nyundo hauna neno, ukishika kitu chembamba unatetemeka. Tangu hapo chai aliishika kwa mikono miwili akisingizia baridi. Aliogopa, na woga wenyewe ulikuwa hauachi miguu yake itulie.

Asubuhi ya pili mkewe akaingia karakana na kigoda, shati mkononi na vifungo vya kushona.

“Unafanya nini?”

“Nakulindia paka.”

Angemkataliaje? Akainama kochini, akaanza. Ncha ya sindano ikayumba, ikakamata uzi wa mahameli, ikauinua. Akajifanya hakuona. Akaubana mkono wa kulia kwa wa kushoto, akadunga tena, na uzi wa pili ukafuata wa kwanza. Nyuma yake, vifungo vilikuwa havishonwi tena.

“Tangu lini?” mke akauliza.

“Tangu lini nini? Paka?”

“Baba watoto.”

Sindano ikamtoka mkononi. “Tangu mvua zilipoanza.”

“Na Mkaguzi wa watu ukamfukuza.”

Alitaka kufoka, akaishia kuuliza. “Nisiposhona, mimi ni nani?”

“Ni mume wangu. Jumatatu tunakwenda hospitali. Mficha maradhi, kifo humuumbua.”

Papo hapo hodi ikapigwa. Mwalimu mstaafu aliingia na miwani yake, akalizunguka kochi, akalisifu mgongo, akalisifu miguu, kisha akainama kwenye mkono.

“Na hizi nyuzi, fundi?”

Ukweli ulimfika fundi kwenye ulimi ukakwama hapo. Alimwona mwalimu akinyanyua kichwa, akaliona lile “siku hizi vipi” likija.

“Paka hao, mwalimu!” mke akadakia. “Tunao watatu, wana kucha hao, we acha tu. Urudi keshokutwa, hutaona hata alama.”

Mwalimu akacheka, akaeleza jinsi paka wa kwake alivyomaliza pazia zima, akaaga akiwa bado anacheka. Fundi alibaki amesimama palepale. Aliona aibu, na ndani ya aibu aliona nafuu, hata hakujua aanze na ipi.

Mkewe akaiokota sindano, akatunga uzi.

“Wewe pima, kata, gonga misumari. Huku kwa mkono niachie mimi.”

“Utaweza?”

“Miaka thelathini nimekutazama. Nilikuwa nimelala?”

Mshono wa kwanza ukaenda kombo. Fundi akaung'ata mdomo. Wa pili ukamfuata mwenzake.

“Sogea karibu na ukingo,” akasema polepole. “Usiuvute. Hivyo.”

Akasimama kidogo, akazunguka meza mara mbili, kisha akachukua boksi.

“Wapi tena?”

“Kwa shemeji.”

“Si ulisema mmoja anatosha?”

“Bi Mkubwa mzee. Makosa ya karakana nzima atayabeba peke yake?” Alifika mlangoni, akageuka. “Jana nimeona pale kwa shemeji kuna na katoto ka paka, keusi. Watakuwa wanne. Unasemaje?”

Mkewe akautazama mshono wake, ulivyopanda na kushuka kwenye mahameli ya watu.

“Kalete,” akasema. “Na mimi nitahitaji wa kwangu.”