Donge Ndani ya Bakteria

Kwa miaka mingi katika maabara ile ya mji wa Daegu, mtu akitaka picha ya bakteria alikwenda kwa Bo-gyeong. Kisha akaja Se-rin, mwanafunzi mpya mcheshi, na kabla hata hajazoea hadubini akapata picha ambayo Bo-gyeong aliitafuta tangu zamani. Bakteria aliyetiwa dawa ya antibiotiki alionekana mzima kwa nje, lakini ndani alikuwa amevurugika: uzi wake wa DNA, ambao kwa kawaida hutawanyika, ulikuwa umejikusanya donge katikati, na viwanda vyake vidogo vya protini vimesukumwa pembeni.

Profesa Tak, mkuu wa maabara, akaibandika picha hiyo ukutani. Bo-gyeong akasifu pamoja na wengine, huku roho inamuuma.

Akaanza kujiambia kwamba huenda si dawa iliyofanya hivyo. Huenda Se-rin aliwaweka bakteria wake kwenye barafu, na baridi ndiyo iliyoukunja ule uzi. Akalirudia jaribio peke yake bila barafu, akiomba donge lisitokee. Likatokea, tena waziwazi kuliko la mwenzake. Akaichapa picha yake, akaificha kwenye mfuko wa koti.

Kwenye kikao cha maabara Profesa akauliza hilo hilo la baridi. Se-rin akababaika, akamgeukia Bo-gyeong.

"Dada, wewe unaonaje?"

Bo-gyeong alimtazama binti wa watu akiiva uso, na akaona raha. Lakini Profesa aliposema basi waachane na jambo hilo, mkono ukaenda wenyewe mfukoni. Donge lile alikuwa ameliona kwa macho yake.

"Si baridi," akasema. "Nimerudia bila barafu."

"Mbona hukuniambia?" Se-rin akauliza.

"Nilitaka uwe umekosea."

Wote wakacheka wakidhani ni utani. Se-rin hakucheka.

Makala yao ilipotoka, jina la Se-rin lilitangulia, ila picha iliyochapishwa ilikuwa ya Bo-gyeong, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa safi zaidi. Wageni wakawa wanampongeza Se-rin kwa picha ile. Naye kila mara aliwaambia, "Hiyo ni ya dada," kwa moyo mweupe kabisa, na Bo-gyeong akageukia hadubini yake asionekane uso. Laiti Se-rin angejisifu, yeye angepata walau sababu ya kumchukia.